Vitenzi vya Hitilafu: Lugha ya Kutolea Taarifa za Kasoro katika Programu za Kuhariri Video, Kariakoo, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mafundi wa video wanavyozungumzia kwa Kiswahili hitilafu za programu za kuhariri, hususan matoleo ya majaribio ambayo hutolewa kwa watumiaji ili yatafutiwe kasoro. Mazingira yanayoangaliwa ni ya Kariakoo, Dar es Salaam. Hoja inayotetewa ni kwamba udhaifu wa taarifa za hitilafu hautokani hasa na uchache wa istilahi. Kitenzi cha Kiswahili, kwa minyambuliko, njeo na hali zake, kina takriban kila kitu ambacho mtengenezaji wa programu huhitaji kukijua. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuitumia sarufi hiyo kwa uangalifu, pamoja na mlango wa kuipitishia.

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa Kiswahili cha kompyuta umejishughulisha kwa sehemu kubwa na nomino. Wanaisimu wamejadili kama kifaa chenyewe kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi, na kama data, faili na programu zitoholewe au zitafutiwe maneno ya asili. Mjadala huo ulikuwa na manufaa. Ulisaidia kazi za Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na zile za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 2009 iliingizwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Aidha, uliandaa njia kwa mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili.

Menyu, hata hivyo, ni lugha ambayo mashine humsemesha mtu. Lugha ambayo mtu hutumia kuisemea mashine inapoharibika haijapewa nafasi kama hiyo. Pengo hilo lina madhara. Programu hurekebishwa kwa kufuata malalamiko yanayomfikia mtengenezaji. Watumiaji ambao malalamiko yao hayafiki, au yanafika yakiwa hayaeleweki, hufanya kazi kwa zana zilizonyooshwa kwa kufuata mahitaji ya watu wengine.

Mifano ya sentensi iliyotolewa katika makala haya ni kauli za kawaida katika usemi wa mafundi na wateja wao. Imetumika kuonyesha miundo ya lugha, na haikukusudiwa kuwa kipimo cha wingi wa matumizi.

2.0 Toleo la majaribio na kazi ya mrejesho

Kwa desturi ya waunda programu, toleo la alfa hujaribiwa ndani ya kampuni au kikundi kinachoitengeneza. Toleo la beta hufuata baadaye. Hilo hupewa watu wa nje kabla ya programu kutangazwa kuwa imekamilika. Anayelipokea hupata zana mpya mapema, na kwa upande wake hutarajiwa kueleza kasoro anazokutana nazo. Maelezo hayo ndiyo yanayoitwa mrejesho. Sehemu ya mrejesho inayohusu jambo moja lililoharibika huitwa taarifa ya hitilafu.

Utaratibu wa kupokea taarifa hizo umekuwa wa wazi zaidi tangu mradi wa Mozilla ulipotoa mfumo wa Bugzilla mwaka 1998. Mfumo huohuo umetumiwa na jumuiya ya KDE kupokea taarifa za Kdenlive, programu huria ya kuhariri video iliyoanzishwa mwaka 2002. Fomu ya KDE humtaka mtoa taarifa aeleze hatua alizofuata, matokeo aliyoyaona, matokeo aliyoyatarajia, na toleo la programu pamoja na mfumo wa uendeshaji anaoutumia.

Mwaka 2008 Nicolas Bettenburg na wenzake walichapisha uchunguzi wa taarifa za hitilafu katika miradi ya Apache, Eclipse na Mozilla. Katika majibu 466 waliyoyachambua, ilidhihirika kwamba yale ambayo watengenezaji huyahitaji zaidi, hasa hatua za kuirudia hitilafu, ndiyo ambayo watumiaji huona vigumu kuyatoa. Watumiaji waliohusika walikuwa wa miradi inayoendeshwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo ugumu wa kueleza hitilafu haumhusu Mswahili peke yake, na haufai kuhesabiwa kuwa ni upungufu wa Kiswahili.

Kwamba mrejesho una nguvu ni jambo lililoonekana mwaka 2011, Apple ilipotoa Final Cut Pro X. Wahariri wengi wa kulipwa waliikataa kwa sababu haikuweza kufungua miradi ya Final Cut Pro 7, wala haikuwa na uhariri wa kamera nyingi kwa pamoja. Januari 2012 uwezo wa kamera nyingi ulirudishwa katika toleo la 10.0.3. Waliosikika ni wale waliokuwa na sauti katika lugha na majukwaa ambayo kampuni iliyafuatilia.

3.0 Kariakoo na uhariri wa video

Jina la Kariakoo lenyewe ni ushahidi wa utohoaji uliofanywa na wazungumzaji wa kawaida. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilijengwa katika miaka ya 1970 na kuungua Julai 2021. Pembezoni mwa soko hilo, katika mitaa kama Msimbazi na Aggrey, biashara ya vifaa vya umeme na simu imeshika mizizi.

Televisheni ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa miaka kadhaa baadaye, video ilimaanisha kanda za VHS. Mhariri aliunganisha picha kwa kutumia deki mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya kurekodia. Kosa lililofanyika katikati lilimlazimu arudie kazi kuanzia pale lilipotokea. Filamu za Kibongo ziliposhamiri baada ya mwaka 2003, usambazaji wake kwa VCD na DVD uliegemea sana maduka ya Kariakoo. Uhariri nao ulikuwa unahamia kwenye kompyuta, na istilahi zake zikaingia katika usemi: kuediti, kurenda, klipu, fremu, taimulaini.

Kazi ya kudumu ya fundi wa video ni sherehe: harusi, kitchen party, ubarikio, maulidi, na hata maziko. Hapo ndipo uzito wa suala unapoonekana. Filamu ya kubuni yaweza kupigwa tena, harusi hairudiwi. Faili likiharibika kabla ya kazi kutolewa, fundi hupoteza malipo na jina lake, na familia hupoteza kumbukumbu ambayo hakuna fedha inayoweza kuirejesha.

Mazingira ya kazi hiyo yana mambo ambayo watengenezaji walio mbali hawayaoni kwa urahisi. La kwanza ni umeme. Katika vipindi vya mgawo, kama ule wa mwaka 2006 na ule wa 2011, kompyuta zilizimika katikati ya kurenda, na namna programu inavyohifadhi kazi yenyewe likawa jambo la riziki. La pili ni mchanganyiko wa picha. Mfumo wa PAL uliotumiwa na televisheni ya Tanzania una fremu 25 kwa sekunde. Simu nyingi hurekodi takriban fremu 30, na idadi hiyo hupanda na kushuka kufuatana na mwanga na kazi nyingine zinazofanywa na simu. Klipu za aina hizo mbili zikiwekwa pamoja katika programu isiyosawazisha vizuri, sauti huachana na midomo kidogo kidogo, hata mwisho wa hotuba tofauti ikaonekana wazi. La tatu ni kwamba fundi aghalabu ana kompyuta moja tu. DaVinci Resolve ya Blackmagic Design, mathalani, hutolewa pia bila malipo, na matoleo yake ya majaribio huwa wazi kwa umma. Lakini mradi uliokwisha kufunguliwa katika toleo jipya huenda usifunguke tena katika toleo la zamani. Kwa mwenye kompyuta moja, kujaribu beta ni kuiweka kazi ya mteja rehani.

4.0 Nomino: mdudu, kosa, kasoro au hitilafu

Neno la Kiingereza linalotumika kwa hitilafu ya programu lina maana ya mdudu. Husimuliwa kwamba lilitokana na nondo aliyekutwa Septemba 1947 ndani ya kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard na kubandikwa katika daftari la kazi. Nondo huyo alikuwepo kweli, lakini neno ni la zamani zaidi: Thomas Edison alilitumia kwa hitilafu za mitambo katika barua ya mwaka 1878. Tafsiri sisisi ya mdudu haina msingi huo katika Kiswahili, na kwa msikilizaji asiyeijua historia ya neno la Kiingereza huweza kuchanganywa na virusi vya kompyuta, ambavyo ni jambo tofauti.

Maneno matatu yaliyomo katika lugha yanafaa kutofautishwa. Kosa humhusisha mtendaji: aliyekosa yupo. Dirisha la programu linaposema kwamba kosa limetokea, mtumiaji huelekea kujiuliza amefanya nini kibaya, na mtu anayejiona mkosaji hatoi taarifa. Kasoro ni upungufu; ndilo neno linalotumika katika kutaja saa, kama katika saa tatu kasorobo. Lafaa hasa pale ambapo programu imekosa kitu kinachohitajika, kama Final Cut Pro X ilivyokosa kamera nyingi. Hitilafu, yenye asili ya Kiarabu, ina maana ya msingi ya tofauti au kutopatana. Kwa kuwa fomu za taarifa huuliza kilichotarajiwa na kilichotokea, hitilafu ni jina la umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili. Ni vigumu kupata istilahi iliyo karibu zaidi na dhana yenyewe.

Kwa upande wa nomino, basi, lugha haina njaa. Panapotakiwa kazi zaidi ni upande wa vitenzi.

5.0 Vitenzi

5.1 Aina za hitilafu

Mtengenezaji hutaka kwanza kujua hitilafu ni ya aina gani. Aina kuu zaweza kupangwa katika makundi manne, na kila kundi lina vitenzi vyake katika usemi wa kawaida:

(1) Programu inatoka kabisa: imejifunga, imejizima.
(2) Programu ipo wazi lakini haiitikii: imeganda, imekwama, imestaki.
(3) Programu inafanya kazi lakini haitekelezi amri fulani: imegoma, imekataa.
(4) Amri inatekelezwa lakini matokeo ni mabaya: sauti imekimbia, picha inarukaruka, imekula klipu.

Mgawanyo huu haufuatwi kwa ukamilifu. Kugoma, hasa, kumepanuka hata kukafunika makundi yote manne, sawa na kuzingua katika lugha ya mitaani. Mteja akiambiwa kwamba mashine imegoma huridhika au hukasirika, lakini halazimiki kujua zaidi. Mtengenezaji aliyepata neno hilo peke yake hana pa kuanzia. Hata hivyo fundi huyohuyo, akizungumza na fundi mwenzake, hutenga imeganda na imejifunga bila kusitasita. Ujuzi upo. Unachujwa kufuatana na msikilizaji.

Unyambulishaji kwa kurudufu nao hubeba taarifa. Sauti inakatika si sawa na sauti inakatikakatika. Kauli ya kwanza yaweza kueleza mkato mmoja, na ya pili yaeleza mikato mingi ya muda mfupi. Kwa mtaalamu, hiyo ni tofauti kati ya faili lililoharibika mahali pamoja na kompyuta inayoshindwa kwenda sambamba na data.

5.2 Kauli za kitenzi na swali la mtendaji

Zitazamwe sentensi nne zifuatazo:

(5) a. Nimefuta klipu.
    b. Klipu imefutwa.
    c. Klipu imefutika.
    d. Klipu imejifuta yenyewe.

Katika (5a) mtendaji ni msemaji. Katika (5b), yenye kauli ya kutendwa, mtendaji yupo ingawa hakutajwa. Huenda ni mtu mwingine au programu nyingine. Katika (5c), yenye kauli ya kutendeka, linaelezwa tokeo bila kumfikiria mtendaji. Katika (5d), kiambishi cha kujirejea -ji- pamoja na yenyewe hutoa dai zito zaidi: hakuna aliyegusa. Kwa mtengenezaji, sentensi hizi zinaelekeza mahali pane tofauti pa kutafuta chanzo.

Dukani zina kazi nyingine. Fundi anayesimama mbele ya mzazi wa bibi harusi ana sababu ya kuchagua (5c) au (5d), hata kama ukweli uko karibu na (5a). Lugha ya hitilafu ni lugha ya lawama pia. Mazoea ya kumwondoa mtendaji, ambayo humlinda fundi mbele ya mteja, huhamia katika taarifa inayokusudiwa kwa mtengenezaji, na huko yanapunguza thamani yake. Anayekusanya mrejesho kwa Kiswahili hana budi kuanza kwa kumhakikishia mtoa taarifa kwamba hatafutwi mkosaji.

5.3 Njeo, hali na swali la marudio

Baada ya aina na mtendaji, mtengenezaji huuliza kama hitilafu hujirudia, na kwa masharti gani. Hapa kitenzi cha Kiswahili kina utajiri mkubwa. Zilinganishwe:

(6) a. Programu ilijifunga.
    b. Programu imejifunga.
    c. Programu hujifunga ninapoweka maandishi juu ya klipu ya simu.
    d. Nikiyaondoa maandishi, haijifungi.

Sentensi (6a) yasimulia tukio lililopita. Sentensi (6b) yaonyesha kwamba hali ingali ipo wakati wa kusema. Katika (6c), hu- ya mazoea hudai kwamba jambo hujirudia, na -po- hutaja sharti lake. Sentensi (6d), kwa -ki- ya masharti na ukanushi, ni jaribio kamili la kuondoa kisababishi kimoja na kuangalia matokeo. Ikiwekwa pamoja na (6c), mtengenezaji anajua kwamba tatizo liko katika kukutana kwa maandishi na klipu ya simu. Tofauti kati ya (6a) na (6c) imebebwa na kiambishi kidogo, na ndiyo tofauti kati ya taarifa inayowekwa kando na ile inayofanyiwa kazi.

Hatua za kuirudia hitilafu nazo zina kiambishi chake. Masimulizi ya Kiswahili hupanga matukio kwa -ka-, ambayo haihitaji maneno ya ziada ya kuonyesha kilichotangulia na kilichofuata:

(7) Nilifungua mradi mpya wa fremu 25, nikaingiza klipu moja ya kamera na moja ya simu, nikaziweka katika taimulaini, nikaweka maandishi juu ya klipu ya simu, nikaanza kurenda. Baada ya dakika tatu picha ikaganda, kisha programu ikajifunga. Nilitarajia kupata faili la video. Nimejaribu mara tano, na hutokea kila mara. Nikiyaondoa maandishi, haitokei.

Mfano (7) una hatua, matokeo, matarajio na marudio. Hauna istilahi ngeni zaidi ya zile ambazo fundi yeyote huzitumia kila siku. Ukiongezewa jina la toleo na mfumo wa uendeshaji, unakidhi fomu ya KDE iliyotajwa katika sehemu ya 2.0.

6.0 Vikwazo

Ikiwa sarufi inatosha, yafaa kuuliza kwa nini taarifa kama (7) hazionekani kwa wingi. Vikwazo vitatu vinahusika.

Kikwazo cha kwanza ni lugha ya mlango. Fomu na majadiliano ya watengenezaji wakubwa huendeshwa kwa Kiingereza. Fundi anayeweza kusimulia kwa ukamilifu kwa Kiswahili hubaki na maneno machache ya Kiingereza, na taarifa yake hurudi kuwa sawa na imegoma. Tafsiri ya mashine imepunguza umbali huo, lakini haiwezi kuachiwa kila kitu: tofauti ya imefungwa, imefungika na imejifunga huweza kupotea katika lugha inayohitaji maneno ya ziada kuionyesha.

Kikwazo cha pili ni hadhi ya nakala. Anayetumia programu ya kulipiwa bila leseni hana akaunti ya kutolea taarifa, na hana hamu ya kujitambulisha. Programu huria na zile zinazotolewa bila malipo hukiondoa kikwazo hiki, na hii ni sababu mojawapo ya kuzizingatia katika mafunzo.

Kikwazo cha tatu ni mazoea ya kutatua bila kuripoti. Fundi husaidiwa na fundi wa jirani: punguza ukubwa wa picha, badili aina ya faili, zima uanze upya. Kazi inatoka na mteja anaondoka, lakini kasoro inabaki ndani ya programu kumsubiri mwingine. Mwaka 1997 Eric Raymond alilinganisha namna mbili za kuunda programu, moja akaifananisha na kanisa kuu na nyingine na soko, akaisifu ile ya soko kwa kuwa macho mengi huona kasoro mapema. Macho mengi yapo Kariakoo, ambako soko si tamathali. Yanachoona huishia mtaani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba taarifa ya hitilafu ni aina ya matini yenye muundo wake, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuijenga: hitilafu, kasoro na kosa kwa kutenganisha dhana; vitenzi vya kuganda, kujifunga na kugoma kwa kutenganisha aina; kauli za kitenzi kwa kumtaja au kumwacha mtendaji; na hu-, -po-, -ki- na -ka- kwa marudio, masharti na hatua.

Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, wanaoshughulikia istilahi waviingize vitenzi vya hitilafu katika orodha zao, pamoja na mifano ya sentensi, na waanzie kwenye tofauti ambazo mafundi tayari wanazifanya. Kuganda na kujifunga havihitaji kubuniwa. Vinahitaji kuwekewa mipaka. Pili, idara za Kiswahili na za sayansi ya kompyuta, ambazo mwaka 2004 hazikuwa ngeni kwa kazi za namna hii, ziandae fomu ya taarifa ya Kiswahili inayouliza kwa lugha ya masimulizi: Ulifanya nini, kisha ukafanya nini? Ulitarajia nini? Hutokea kila mara? Ukiondoa nini, haitokei? Mwanafunzi wa tafsiri akiipokea fomu iliyojazwa na kuipeleka kwa mtengenezaji bila kupoteza viambishi vyake, fundi wa Mtaa wa Aggrey atakuwa miongoni mwa wale ambao programu hunyooshwa kwa kuwasikiliza.